Amepitiliza muda wa viza Marekani, sasa ana ndoa na raia: Je, green card bado inawezekana?

Aliingia Marekani kihalali, kwa viza ya kutembea au ya masomo. Muda ukaisha, hakurudi nyumbani. Miaka ikapita, akafunga ndoa na raia wa Marekani. Je, mtu huyu anaweza kupata green card bila kuondoka nchini humo?

Jibu fupi: kwa wengi, ndiyo. Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani imeacha mlango wazi kwa watu wa namna hii. Lakini mlango huo una masharti, na lile linalowaumiza wengi silo wanalolitarajia. Watu huogopa kubaki. Kumbe mara nyingi kinachofunga mlango ni kuondoka.

Tiketi moja ya kwenda kumzika mzazi Kisumu, Tanga au Bujumbura inaweza kuzaa miaka 10 ya kukaa mbali na mume, mke na watoto.

Haya hapa mambo muhimu, moja baada ya jingine.

Kupitiliza kunahesabiwaje?

Wengi huangalia tarehe iliyo kwenye viza ndani ya pasipoti. Hapo ndipo kosa la kwanza linapoanzia.

Viza ni ruhusa ya kufika mpakani na kuomba kuingia. Muda wa kukaa unapangwa na ofisa wa mpakani siku ya kuingia, na unaandikwa kwenye rekodi inayoitwa I-94. Siku hizi rekodi hiyo hupatikana mtandaoni, kwenye tovuti ya idara ya forodha na mipaka ya Marekani, CBP. Viza inaweza kuwa ya miaka kadhaa, lakini I-94 ya mgeni wa kutembea mara nyingi hutoa miezi 6 tu. Tarehe ya I-94 ikipita, mtu amepitiliza, hata kama viza yake bado "inasoma".

Na akishapitiliza, viza ile aliyoingilia inakufa yenyewe kisheria. Hawezi kuitumia tena kuingia.

Kwa wanafunzi wa viza ya F-1 hesabu ni tofauti kidogo. Wengi wao I-94 yao haina tarehe, ina herufi D/S, maana yake wanaruhusiwa kukaa kadiri wanavyoendelea kutimiza masharti ya masomo. Mwanafunzi akiacha chuo, amepoteza hadhi yake. Hata hivyo, siku zake za kukaa kinyume cha sheria kwa kawaida hazianzi kuhesabiwa mpaka idara ya uhamiaji au jaji wa uhamiaji atamke rasmi kuwa amevunja masharti. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini inaweza kuokoa miaka 10 ya maisha ya mtu.

Maswali 2 yanayoamua kila kitu

Kabla ya fomu, kabla ya pesa, kuna maswali 2 ya kujibu.

La kwanza: aliingiaje? Ili kuomba green card akiwa ndani ya Marekani, mtu lazima awe alikaguliwa na kuruhusiwa na ofisa mpakani, au alipewa kibali maalumu cha kuingia. Aliyeshuka uwanja wa ndege na pasipoti ikagongwa muhuri amepita hapa. Aliyevuka mpaka wa Mexico kwa miguu bila kukaguliwa, kwa kawaida hapiti, hata kama ndoa yake ni ya kweli kabisa.

La pili: amefunga ndoa na nani? Kuna tofauti kubwa kati ya raia wa Marekani na mtu mwenye green card.

Mume au mke wa raia huwekwa kwenye kundi la "jamaa wa karibu", pamoja na wazazi wa raia aliyefikisha miaka 21 na watoto wa raia walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa. Kundi hili halina foleni ya mgao wa kila mwaka. Na hapa ndipo penye nafuu yenyewe: kwa kundi hili, kupitiliza muda na hata kufanya kazi bila kibali havizuii ombi la green card ndani ya nchi. Iwe amepitiliza miezi 3 au miaka 12, kanuni ni ileile.

Mwenza wa mtu mwenye green card hana nafuu hiyo. Kama amepitiliza, kwa kawaida hawezi kukamilisha ombi akiwa ndani ya Marekani. Ndiyo maana wapo wanaosubiri mpaka mwenza apate uraia, jambo ambalo kwa wengi huhitaji miaka 5 ya kuwa na green card. Akishaapishwa kuwa raia, mume au mke wake anahamia kwenye kundi la jamaa wa karibu. Tatizo ni kwamba muda wote wa kusubiri, asiye na hadhi anabaki bila ulinzi.

Ambao nafuu hii haiwafikii

Hata kwa walioingia kihalali na kufunga ndoa na raia, kuna waliowekewa vizuizi vingine.

Mabaharia ni kundi la kwanza. Kijana wa Mombasa au Zanzibar anayefanya kazi melini na kuingia Marekani kwa viza ya wafanyakazi wa meli, kisha akashuka na kubaki, hawezi kubadilisha hadhi akiwa ndani ya nchi. Sheria inamtaja baharia waziwazi, na ndoa na raia haiondoi kizuizi hicho.

Kundi la pili ni baadhi ya walioingia kwa viza ya J-1, ya programu za kubadilishana wasomi na wanafunzi. Wengine kati yao wana sharti la kurudi kwao kwa miaka 2 kabla ya kuomba green card. Lazima walitimize au waombe kuondolewa sharti hilo kwanza.

Kundi la tatu ni walioingia kwa viza ya mchumba, K-1. Hawa wanaweza kupata green card kupitia ndoa na yule yule aliyewaombea viza, si mwingine.

Kisha kuna Waswahili wenye pasipoti za Ulaya, kwa mfano za Uingereza au Uholanzi, walioingia kwa siku 90 bila viza. Wao wanaweza kuomba kupitia ndoa na raia, ila walipoingia kwa mpango huo walikubali kupoteza haki ya kupinga kufukuzwa mbele ya jaji. Wakikamatwa, nafasi yao ya kujitetea ni finyu sana.

Kuna pia mambo ya nyuma yanayoibuka ghafla. Aliyewahi kuitwa mahakama ya uhamiaji akakacha, huenda tayari ana amri ya kufukuzwa asiyoijua. Aliyewahi kuweka alama ya "raia wa Marekani" kwenye fomu ya kazi, au akajiandikisha kupiga kura, anaweza kukutana na kizuizi cha maisha. Na aliyewahi "kujilipua", yaani kuomba hifadhi kwa jina au uraia usio wake, akumbuke kuwa alama za vidole hazisahau. Udanganyifu wa aina hiyo hausamehewi na ndoa peke yake.

Mtego wa kuondoka

Hapa ndipo familia nyingi huumia.

Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoanza kuhesabu siku za kukaa kinyume cha sheria kuanzia Aprili 1, 1997. Adhabu zake ziko hivi:

- Aliyekaa kinyume cha sheria zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka 1, kisha akaondoka kwa hiari, hawezi kurudi kwa miaka 3.
- Aliyekaa mwaka 1 au zaidi, kisha akaondoka, hawezi kurudi kwa miaka 10.
- Siku ambazo mtu alikuwa na umri wa chini ya miaka 18 hazihesabiwi.

Neno la kuangalia hapo ni "akaondoka". Adhabu haiamki mpaka mtu avuke mpaka kutoka nje. Akiwa ndani na anaomba kama mwenza wa raia, inabaki imelala.

Chukua mfano wa mwanamke aliyepitiliza miaka 4, kisha akaolewa na raia. Akituma maombi akiwa Dallas, miaka ile 4 haimzuii. Akisikia ushauri wa mtaani kwamba "ni bora urudi Nairobi ukaombe ubalozini, ndiyo njia safi", akapanda ndege, ubalozini ataambiwa ana kizuizi cha miaka 10. Ndoa ni ileile na mume ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba amepanda ndege.

Kuna msamaha wa kizuizi hicho, lakini hauji kirahisi. Mwombaji lazima athibitishe kuwa mume, mke au mzazi wake ambaye ni raia au ana green card atapata dhiki kubwa kupita kiasi akikataliwa. Huzuni ya kawaida ya kutengana haitoshi. Tangu mwaka 2013 kuna utaratibu unaowaruhusu baadhi ya watu kuomba msamaha huo wakiwa bado ndani ya Marekani, kwa fomu I-601A, kabla ya kwenda kwenye usaili ubalozini. Njia hiyo hutumiwa zaidi na walioingia bila kukaguliwa.

Na msiba ukitokea?

Simu za usiku kutoka nyumbani ndizo zinazowavunja watu.

Aliyekwisha kutuma ombi la green card, kisha akaondoka bila kibali cha kusafiri, kwa kawaida huhesabiwa kuwa amelitelekeza ombi lake. Faili linafungwa. Akiwa alikuwa amepitiliza, na kizuizi cha miaka 3 au 10 nacho kinaamka.

Kibali hicho huombwa kwa fomu I-131, na kinaweza kuchukua miezi. Kwa dharura kama ugonjwa mahututi au kifo, kuna njia ya kuomba kiharakishwe, kwa kupeleka ushahidi wa tukio. Uamuzi wa mwaka 2012 wa Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, katika kesi ya Arrabally na Yerrabelly, ulisema kuwa anayesafiri kwa kibali hicho hahesabiwi kuwa ameondoka kwa maana ya kuamsha kizuizi cha miaka 10.

Pamoja na hayo, kibali si ahadi ya kurudi. Ofisa wa mpakani bado ana mamlaka ya kumkatalia mtu. Ndiyo maana wanasheria wengi huwashauri wateja waliowahi kupitiliza wasisafiri kabisa mpaka kadi iwe mkononi.

Fomu na gharama

Mume au mke wa raia anayeomba akiwa ndani ya Marekani anaweza kutuma fomu zote kwa pamoja. Zilizo kuu ni hizi:

- I-130: raia anamwombea mwenza wake na kuthibitisha ndoa.
- I-485: mwenza anaomba ukaazi wa kudumu, yaani green card yenyewe.
- I-864: raia anaahidi kisheria kumtunza mwenza wake kifedha.
- I-693: ripoti ya daktari aliyeidhinishwa. Tangu Desemba 2, 2024 inatakiwa kutumwa pamoja na I-485.
- I-765: ombi la kibali cha kazi wakati wa kusubiri.
- I-131: ombi la kibali cha kusafiri.

Kwa viwango vilivyoanza Aprili 1, 2024, I-130 ya karatasi ni dola 675, au dola 625 ikijazwa mtandaoni. I-485 ni dola 1,440. Kibali cha kazi kikiombwa pamoja nayo ni dola 260, na cha kusafiri dola 630. Mwenye kuomba vyote kwa karatasi anafika dola 3,005, bila daktari wala mwanasheria. Viwango hubadilika, hivyo ni lazima kutazama tovuti ya idara ya uhamiaji, USCIS, siku ya kulipa. Fomu ikifika na kiasi pungufu, hurudishwa.

Upande wa kipato, raia anatakiwa kuonyesha angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali. Kwa mwaka 2025, familia ya watu 2 katika majimbo mengi ilihitaji dola 26,437 kwa mwaka. Kipato kisipofika, ndugu au rafiki mwenye uraia au green card anaweza kuwa mdhamini mwenza. Anayesaini ajue anachosaini: talaka haifuti ahadi hiyo.

"Ndoa ya makaratasi" na ndoa ya kweli

Mzigo wa kuthibitisha kuwa ndoa ni ya kweli uko kwa wanandoa. Cheti cha ndoa hakitoshi. Ofisa anataka kuona maisha: mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, akaunti ya benki ya pamoja, bima, ripoti za kodi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, picha za miaka tofauti zikiwa na ndugu wa pande zote.

Kwa watu wa Afrika Mashariki, tatizo kubwa mara nyingi ni ndoa ya zamani. Aliyeacha mke nyumbani, hata wa ndoa ya kimila au ya kidini, anatakiwa kuonyesha kuwa ndoa hiyo iliisha kihalali kabla ya kufunga mpya. Talaka ya mdomo bila hati inayotambuliwa na nchi husika inaweza kuangusha ombi zima. Ndoa ya mitala haitambuliwi kwa kazi hii.

Kuhusu kununua ndoa: anayefunga ndoa kwa lengo la kukwepa sheria za uhamiaji anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000. Zaidi ya hapo, aliyebainika kuwahi kufanya hivyo hawezi tena kuidhinishiwa ombi jipya, hata akija kupata ndoa ya kweli baadaye.

Usaili, kisha miaka 2 ya majaribio

Baada ya kutuma fomu, mwombaji huitwa kutoa alama za vidole. Baadaye wanandoa huitwa pamoja kwenye usaili. Maswali huanza na ya kawaida: mlikutana wapi, nani aliamka kwanza leo, kodi ya nyumba ni kiasi gani. Majibu yakigongana, wanaweza kutenganishwa na kuulizwa kila mmoja peke yake.

Kama ndoa haijafikisha miaka 2 siku green card inapotolewa, kadi huwa ya masharti, ya miaka 2. Ndani ya siku 90 kabla haijaisha, wanandoa hutuma fomu I-751 kuthibitisha kuwa bado wako pamoja. Asiyetuma anaweza kupoteza ukaazi wake. Waliotalikiana, au aliyenyanyaswa, anaweza kuomba peke yake.

Ombi lililopokelewa si kinga

Hili limebadilika sana tangu mwaka 2025. Ombi la green card lililotumwa vizuri husimamisha hesabu ya siku haramu. Lakini halimpi mtu hadhi ya kisheria, na halizuii kukamatwa.

Februari 2025 USCIS ilitoa mwongozo mpya wa kuwapeleka mahakama ya uhamiaji watu ambao maombi yao yamekataliwa na hawana hadhi nyingine. Agosti 2025 ikasisitiza kuwa hata I-130 iliyokubaliwa haimkingi mtu dhidi ya kufukuzwa. Novemba 2025 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kuwa wenza wa raia waliokuwa wamepitiliza viza walikamatwa na maofisa wa ICE walipokwenda kwenye usaili wao San Diego, California.

Uraia wa mwombaji nao una uzito sasa. Desemba 2025 USCIS ilitangaza kusitisha kwa muda maamuzi kwa waombaji kutoka nchi 19 zilizotajwa katika tangazo la Rais Donald Trump la Juni mwaka huo. Burundi na Somalia zilikuwamo. Orodha kama hizi hupanuka, hivyo mwombaji anatakiwa kuangalia hali ya nchi yake kabla ya kulipa chochote.

Hii haina maana mlango umefungwa, wala si sababu ya kukacha usaili. Kutokwenda kunaweza kufanya ombi lihesabiwe kuwa limetelekezwa. Maana yake ni kwamba kwenda peke yako, bila mwanasheria na bila kujua faili lako lina nini, ni hatari zaidi kuliko ilivyokuwa zamani.

Mwenza akigeuza ombi kuwa fimbo

"Nitafuta makaratasi yako." "Nitawapigia uhamiaji." Vitisho hivi vipo katika nyumba nyingi, na wengi huvumilia kipigo wakidhani hawana njia.

Njia ipo. Sheria ya kulinda waathirika wa ukatili, maarufu kama VAWA, inamruhusu mume au mke wa raia au wa mwenye green card aliyenyanyaswa kujiombea mwenyewe kwa fomu I-360, bila saini ya mwenza na bila ada ya fomu hiyo. Wanaume nao wanahusika, licha ya jina la sheria kutaja wanawake. Idara ya uhamiaji hairuhusiwi kumwambia mnyanyasaji kuwa ombi hilo limetumwa.

Kabla ya kutuma chochote

Mtu aliyepitiliza anashauriwa kufanya mambo haya kwa mpangilio huu:

- Atafute I-94 yake na ushahidi wa siku aliyoingia, ikiwamo ukurasa wa pasipoti wenye muhuri.
- Ahakikishe kama ana kesi au amri yoyote ya zamani mahakama ya uhamiaji. Mfumo wa mahakama hizo hutafutwa mtandaoni kwa namba ya A, kwa aliyewahi kupewa.
- Akusanye hati za talaka zote, zake na za mwenza, na tafsiri ya Kiingereza kwa zilizo katika lugha nyingine.
- Amwambie mwanasheria ukweli wote, hata ule wa aibu. Ofisa ataukuta kwenye faili.
- Asimlipe "wakala" wa mtaani kwa ushauri wa kisheria. Wanaoruhusiwa kumwakilisha mtu ni mwanasheria mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Mashirika yenye wawakilishi hao mara nyingi hutoza kidogo au hayatozi kabisa.
- Asikate tiketi ya ndege kabla ya kupata ushauri huo.

Hilo la mwisho ndilo la kuwaambia na ndugu walioko nyumbani. Anaposema hawezi kuja msibani, si lazima iwe amesahau alikotoka. Huenda ni kwa sababu safari ya wiki 2 inaweza kumgharimu miaka 10.